Mnywaji asipelekwe kikundini akiwa anatetemeka

Mhariri,

Mtu akisema anataka kuacha pombe, ndugu humpa shauri moja: tafuta kikundi cha wenzako wanaoacha pombe. Shauri ni jema, ila huku Uganda hutolewa bila maelezo, na kwa kukosa maelezo wengine huumia, wengine huenda mara moja wasirudi. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenye mtu wa namna hiyo nyumbani.

Kwanza mwili. Aliyezoea waragi, pombe kali ya huku Uganda, kila siku, hasa anayeamka akitetemeka mpaka apate ya kufungulia macho, asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza jasho, kichefuchefu na mikono kucheza. Degedege laweza kumpiga ndani ya siku 2 za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne baadhi yao huchanganyikiwa, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo. Si mapepo wala kurogwa. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe umenyimwa ghafla, na hali hiyo huua. Mpelekeni hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Gulu, Arua na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, Kampala, ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Msimfiche daktari kiasi anachokunywa: kwa mnywaji wa siku nyingi, vitamini B1 inatakiwa itangulie dripu ya glukosi, la sivyo ubongo waweza kudhurika. Kikundi kitafuata akishatulia.

Kukipata kikundi, anzeni na muuguzi wa afya ya akili pale pale hospitalini, kwa kuwa yeye hupokea watu waliotoka vikundini. Kisha ulizeni padri, mchungaji au imamu. Matangazo ya zamani msiyategemee, maana mikutano huhama jengo na saa. Kabla ya kulipa nauli ya boda, pigeni simu mjue siku, saa, jengo, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mkutano wa wazi hupokea mke, mzazi, hata jirani. Wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe peke yao, na mke aliyemsindikiza mumewe atabaki nje, naye mume atapata kisingizio cha kugeuza njia.

Vikundi vinavyofuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, yaani wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanza Marekani mwaka 1935, vina sharti moja tu: mtu awe anataka kuacha kunywa. Hakuna ada wala fomu. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na pango, na asiye nacho hapewi jicho baya. Mgeni halazimishwi kusema. Akitaja jina moja tu na kusema leo anasikiliza, yatosha. Yanayosemwa mle hayatoki. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zinazopatikana, na hapo Waislamu wengi hurudi nyuma, nao tayari wana aibu maradufu ya kuonekana wanywaji. Wajue kwamba ukumbi ni wa kuazima tu, na kikundi hakimwiti mtu abadili dini.

Siku ya kwanza watu wengi huvunjika moyo. Husikia habari za mtu aliyepoteza kazi na nyumba, wakajiambia, "Mimi sijafika huko." Nawasihi wasipime kwa mkutano mmoja. Waende kadhaa, na vikundi viwili ikiwezekana, kisha waombe namba ya simu ya mtu wa jinsia yao aliyekaa muda mrefu bila kunywa. Simu hiyo ndiyo dawa ya saa kumi na moja jioni, chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kinapotengwa, nao rafiki zao wa kunywa wanashika mirija. Aliyeuacha mrija ameuacha pia mduara wake wa mazungumzo, na asipopata mduara mwingine jioni ile ile, atarudi kwenye ule wa zamani.

Pasipo kikundi, wawili au watatu wanaotaka kuacha wanaweza kukianzisha, kwa Kiswahili chetu cha Malaba, Busia au kambini. Wachague saa hiyo hiyo ya jioni, mahali pasipopakana na kilabu, na siku isiyo ya gulio. Nawaonya juu ya jambo moja: wasikigeuze kikundi kuwa cha kukopeshana fedha. Mwenye deni la SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, huona haya kuja, na huyo ndiye aliyekaribia kurudia chupa. Bahasha ya mwanasiasa pia ikataliwe, kwani atataka picha, na picha moja inatosha kuwafukuza waliokuja kwa siri.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kisanduku kidogo cha bure kila Ijumaa kinachotaja mikutano: mji, jengo, siku, saa, lugha, wazi au faragha. Majina ya watu yasiwemo, na ofisi yako ithibitishe kwa simu kila mwezi kabla ya kuchapa.

Msomaji wenu,
Tororo, Uganda