Mangi, nisaidie kabla ya Desemba

Mangi wangu,

Za masiku bwana. Najua umeninunia na haki unayo, toka msiba wa Mama mwezi wa nne sijakupigia hata mara moja, na ile elfu 80 yako sijaisahau, ipo njiani, safari hii ipo njiani kweli. Huku wazima, joto limeanza, Mama Ima anakusalimia anauliza ule mche wa parachichi ulishika? Haya.

Nimeamua kuandika maana kwenye simu nitachekacheka halafu nitakata bila kusema. Nina shida. Nataka unifundishe kuchinja mbuzi.

Cheka umalize.

Unakumbuka Krismasi iliyopita Baba Mkubwa alivyotoka na kile kisu akanipa mimi mbele ya ukoo mzima, eti leo wa Dar atuchinjie, nikasema kidole kimeteguka. Wewe uliangalia chini. Nilijua umeshajua. Ukachukua kisu ukafanya kazi, kisusio, ile supu ya damu, kikanyweka, nami nimekaa pale chini ya migomba na kidole changu nimekizungushia kitambaa. Sasa usiku tumeshalala, taa imezimwa, Ima ananiuliza, "Baba, kidole kinaendeleaje?" Nikamwambia kimepoa kidogo. Akasema, "Sawa." Ile sawa, mangi! Mtoto wa miaka 12. Mpaka leo naisikia.

Na mwaka huu ndio kaanza kipaimara, kwa hiyo hapa nyumbani hapakaliki. Si unajua kile kitabu chetu Walutheri, Katekisimo Ndogo, kila amri inafuatiwa na swali la maana yake nini, basi kwake kila kitu kimekuwa maana yake nini, ukisema nakuja sasa hivi, maana yake nini, ukimwambia mwenye nyumba hela kesho, maana yake nini baba. Siku walipofika amri ya nane, ile ya kushuhudia uongo, nikajikuta nimetoka nje kuangalia kama maji yanatoka.

Halafu akaja na lililonimaliza kabisa. Mwalimu wao kawaambia kwamba Luther alipotoa kile kitabu mwaka 1529, hakuwalenga wachungaji tu, kwenye vichwa vya zile sehemu aliandika kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake, kwa njia nyepesi. Akaniuliza, sasa mbona mimi nafundishwa na mwalimu? Nikamjibu mwalimu ana muda. Jibu la kijinga, na nilijua la kijinga hata kabla halijatoka mdomoni.

Semina ya akina baba nilienda, usidhani sijajaribu. Masaa mawili tunaambiwa baba ni kichwa, baba ni kuhani, tukapewa soda tukaondoka. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 imesema uketipo katika nyumba yako na utembeapo njiani, haikusema ukodishe ukumbi na projekta. Basi nikachukua hiyo ya njiani. Kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu tunatoka mimi na yeye kwenda Feri kununua samaki, saa tatu anakuwa darasani. Kwenye mnada namwacha apandishe bei mwenyewe, kalizwa mara moja tu, changu walikuwa wamelala. Tukirudi njiani ndio anaongea, shuleni kuna nini, nani kamtukana nani, mambo ambayo ukimkalisha sebuleni uulize hupati kitu.

Sasa wiki iliyopita tumekaa pembeni tunatengeneza samaki wenyewe kubana hela, yeye anaparua magamba, ikafika kutoa utumbo mimi nikageuka naangalia pantoni. Ananiambia, "Baba, kila tukifika hapa kwenye utumbo unaangalia pantoni." Sikuwa na la kusema. Akanisogezea kisu, akashika kichwa cha samaki kwa mikono miwili, akasema wewe pasua mimi nashika. Nikapasua. Damu ilikuwa kijiko tu lakini masikio yalinilia, nikakaa chini. Akaninunulia maji kwa hela yake, na nyumbani hakumwambia mtu.

Mama Ima anasema kwani uanaume ni kisu, mwambie mtoto unaogopa damu yaishe. Ana pointi, na ya damu si ameshajua mwenyewe. Ila kidole... kidole sijamwambia. Mara mbili nimeanza, mara ya pili nilifika mpaka "unajua Ima ile Krismasi", akatokea mtu wa ndimu.

Wewe ulikuwa na mzee wako. Mimi baba kafa niko darasa la tatu, nikaletwa mjini kwa shangazi, na kule uswahilini mbuzi akinunuliwa anaitwa jirani Mwislamu achinje ili kila mtu ale, jambo zuri kabisa, ila ndio hivyo nimefika miaka 41 sijawahi kushika shingo ya mbuzi. Nikimwambia Ima nilidanganya nataka nimwambie tukiwa tunakwenda zizini, sio tukiwa tunatoka.

Kwa hiyo nijibu. Nikija tarehe 18 peke yangu, wao wakafuata na basi la tarehe 22, siku nne zinatosha? Tuanze na kuku kwanza au ndio kujidanganya? Nikizimia utaniinua au utapiga picha? Kisu nije nacho au cha Baba Mkubwa ndio lazima kitumike? Na yeye atajua? Tafadhali asijue, wala mkeo, maana mkeo na shangazi wanaongea kila siku. Na wewe wako ulimwanza na umri gani, aliogopa? Ulimwambia nini?

Nijibu kabla tiketi hazijaisha, unajua Desemba ilivyo.

Wako,
Baba Ima

Halafu, yule mbuzi mweupe mwenye pembe moja bado yupo? Ima kampa jina. Mfiche, au muuze mapema, fanya unavyojua, ila huyo hapana.