Ile sifuri kwenye ripoti

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo. Mama akusalimu, na asema safari hii usije bila watoto.

Barua yako niliisoma kwenye feri ya Likoni. Wauliza kama vile vipimo vya usanifu wa klasi, vile vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na kazi zake, vina faida yoyote. Swali limenikuta mahali panaponiuma.

Wajua twatengeneza programu ya mawakala wa forodha wanaotoa makontena bandarini. Mwezi uliopita mkuu wetu aliamuru klasi zote zipimwe kwa vipimo sita vya watafiti Chidamber na Kemerer, vile vya 1994, na penye namba mbaya liandikwe jina la aliyeitengeneza. Kupima sikukataa. Vipimo vile navipenda: vyakuonyesha klasi imebeba methodi ngapi, yaani kazi ndogondogo inazozifanya, imerithi ngazi ngapi, yategemea wenzake wangapi. Klasi inayotegemea nyingine 20 hutaigusa bila kuvuruga kwingine, na ni vyema ujue mapema.

Lililonichoma ni jina. Sikiza yaliyotokea.

Kimoja kati ya vile sita, LCOM (Lack of Cohesion in Methods), hupima methodi za klasi zilivyotengana. Wazipanga mbilimbili, wahesabu jozi zisizoshiriki data yoyote, watoa zile zinazoshiriki. Ikitoka hasi waandika sifuri. Sifuri ndiyo inayosifiwa. Klasi yetu ya Kontena ilikuwa na methodi 4, mbili za uzito, mbili za ushuru. Jozi ni 6: nne hazishiriki kitu, mbili zashiriki. Jibu ni 2. Kijana mmoja hapa kazini akaogopa kuandikwa, akaongeza methodi ya tano inayochapisha uzito na ushuru pamoja. Sasa jozi ni 10: sita zashiriki, nne hazishiriki. Hasi mbili, basi sifuri! Ripoti iking'aa, na ndani bado mna wapangaji wawili chumba kimoja, wametengwa kwa pazia.

Sikumlaumu. Angefanyaje, na jina lake laning'inizwa? Tuliketi hadi magharibi, tukautoa ushuru ukawa klasi yake. Viwango vikibadilika mwaka wa fedha unapoanza Julai, hatutagusa tena hesabu za uzito. Lakini klasi ya ankara, iliyokuwa ikitegemea Kontena pekee, sasa yategemea mbili, kwa hiyo namba yake ya utegemezi imepanda. Kwa amri ile, tumeharibu. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo kazi bora tuliyofanya mwezi mzima.

Wala si mimi wa kwanza kuitilia shaka LCOM. Mwaka 1996 watafiti Basili, Briand na Melo walichunguza programu nane za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland, watazame namba zipi zaashiria klasi zenye makosa. Kadhaa zilisaidia, LCOM haikusaidia.

Jumatatu nimeitwa kwa mkuu. Nitamwomba namba zibaki, zituonyeshe pa kuchungulia kwanza, na safu ya majina ifutwe. Nataka niende na ushahidi. Nyinyi mwaandika kila mara klasi inaporekebishwa. Nitumie orodha ya miezi sita, majina ya watu yaondoe, nilinganishe na vipimo vyake. Ikinifika Jumamosi nitapata muda wa kuihesabu.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo