Ulichosema pale Mwanjelwa

Ugonile Tuma,

Habari za Dar na joto lake? Huku Uyole baridi ya Juni imeshika kabisa, asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni. Mzee hajambo, mguu tu unamsumbua.

Ndugu yangu tangu uondoke sijaacha kuwaza ile kauli yako pale Mwanjelwa, kwamba Mwalimu alikosea kuvunja ubalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), eti nchi maskini haigombani na anayeikopesha kisa nchi ya watu wengine. Siku ile nilikuwa na hasira sikukujibu vizuri, ndo mana naandika.

Ian Smith, waziri mkuu wa huko Rhodesia, na walowezi wenzake wa kizungu walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na Rhodesia kisheria ilikuwa koloni la Uingereza, kwahiyo wa kuwashusha walikuwa Waingereza wenyewe. Wilson, waziri mkuu wao, akaja na vikwazo, jeshi akakataa. Mawaziri wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakaa Addis Ababa wakaipa Uingereza mpaka tarehe 15 Desemba iwe imeuzima huo uasi, la sivyo nchi zote wanachama zivunje ubalozi. Siku ikafika, hamna kitu, na nchi nyingi zilizokuwa kwenye kile kikao zikanyamaza! Tanzania ikavunja, Ghana ikavunja, na nyingine chache. We unauita ukaidi, mi naona tulifanya tulichokubaliana na wenzetu basi. Na Jumuiya ya Madola hatukutoka, hapo ndo huwa unapasahau, ugomvi ulikuwa wa Rhodesia haukuwa wa kuwafanya Waingereza maadui.

Hasara tuliipata, sikatai. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, nchi ina miaka 4 tu ya uhuru, na ubalozi ukaja kurudi 1968.

Ila "nchi ya watu wengine" ndo iliyonichoma. Zambia ilikuwa inapitishia mafuta yake Rhodesia, shaba yake nayo hukohuko, na Kaunda rais wao hakuvunja ubalozi na simlaumu, angevunjaje wakati Smith kamshika koo? Desemba hiyohiyo mafuta yakakatwa, ikabidi yatokee Dar kwenye mapipa juu ya malori, Morogoro, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, kiangazi vumbi masika tope. Babu alikuwa utingo kwenye hayo malori, kijana mdogo hata ndevu bado. Anasema walikuwa wanalala juu ya mapipa na blanketi linanuka petroli hadi chakula kinakuwa na ladha yake. Mlima Kitonga pale Iringa lori lilirudi nyuma kwenye tope, pipa likamwangukia mkononi, we si umemuona dole gumba lake la kulia halina kucha? Ndo hiyo. Sasa mtu kama yule utamwambiaje Rhodesia ilikuwa mambo ya watu wengine, wakati ilipita hapa barabarani kwetu kila siku!

Baadae ndo likaja bomba la mafuta mpaka Ndola 1968, halafu reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ambayo nchi za Magharibi zilikataa kuitolea hela wakasema hailipi, Wachina wakaikopesha bila riba. Treni uliyopandia hapo Mbeya wiki ile na ukalalamika imechelewa Tuma, hiyo ni ya ugomvi ule ule.

Kama unaona tungeweza kuwasaidia Wazambia na huku tunawachekea wenye koloni mpaka hela zitoke, niandikie unieleze tungefanyaje, nitasoma kwa moyo mmoja. Mi nimelifikiria sana hilo sijaona njia.

Babu nilimsomea hii barua jana usiku. Kasema ukija Desemba usifikie kwa shemeji yako, ufikie kwake, akutajie mwenyewe vituo vyote walivyokuwa wanalala kuanzia Chalinze, mi vingine nimeshavisahau.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ndaga fijo,
rafiki yako wa Uyole