YAH: Mtutu uliotobolewa pasipo, na majibu niliyopewa kwenye simu yenu

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima zote na naomba isomwe kwa heshima hiyo hiyo, maana kwenye simu yenu heshima sijaiona.

Oda yangu ya seti ya kuunda gobore la gumegume, ile bunduki ya kupakiliwa mdomoni inayowashwa kwa cheche za jiwe, mnayo, namba yake ipo kwenye kila barua pepe niliyowatumia na hamkujibu, na sera zenu za kurudisha mzigo mnazijua kuliko mimi kwasababu nyie ndio mliziandika. Sitarudia hayo. Naenda moja kwa moja kwenye tundu la moto, kile kitundu cha ubavuni mwa mtutu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti.

Tundu la moto kwenye mtutu mlionitumia limetobolewa nyuma mno. Sikisii. Nimeingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ukagota, nikaweka alama ya penseli pale usawa wa mdomo, nikautoa nikaulaza nje ya mtutu alama ikiwa palepale mdomoni, ncha ya mdeki inaishia mbele ya tundu. Yani tundu halifunguki kwenye baruti, linafunguka kwenye ubavu wa kizibo cha nyuma, kwenye hesi kabisa. Nikapitisha waya mwembamba tunduni, unagonga chuma. Mtu yeyote aliyewahi kuunda gobore la gumegume anajua tundu linatakiwa likae mbele kidogo ya uso wa kizibo na liwe usawa na kisahani cha baruti cha mtambo wa kufyatulia, sasa hili la kwenu usawa wa kisahani lipo vizuri tu, kwa nje ukiangalia unaweza ukalisifia, ndani ndio hamna kitu. Na kizibo mmekifunga nyie kiwandani, mmeandika kabisa kwamba mteja asikifungue, tundu mmetoboa nyie. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchonga mbao na kupiga tupa. Ukiacha kuutia kahawia kwa nje, sijagusa huo mtutu zaidi ya kuupima.

Nikapiga simu. Nikasubirishwa na muziki, nikarushwa kwa huyu nikarushwa kwa yule, mwisho nikapewa kijana wa kitengo cha ufundi. Nikamwelezea taratibu kama nilivyoeleza hapo juu, mdeki, alama, waya, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hivi, na maneno yake nimeyaandika hapohapo kwenye karatasi: "Bosi, usijisumbue na vipimo. Weka baruti, piga moja, ukiona inatema moto pembeni ndo utupigie." Halafu akacheka. Na pembeni yake kuna mwingine nae akacheka.

Naomba mrudie kuisoma hiyo sentensi kabla hamjaendelea. Huyo ni mtu mnayemlipa mshahara awashauri wateja wenu kuhusu baruti.

Haya, tuendelee na mengine, maana sio mtutu peke yake ingawa mtutu ungetosha. Kile chuma cha mtambo kinachopigwa na gumegume hakijakomazwa. Nimepitisha tupa kwenye uso wake, tupa inakula kama inakwangua bati, wakati chuma kilichokomazwa tupa inateleza tu. Ndio maana hakitoi cheche, kwasababu cheche ni vumbi la chuma lenyewe linalong'olewa na jiwe likawaka, sasa kama chuma ni laini jiwe linachimba mitaro tu na kurudi. Nilinunua mawe mengine nikidhani labda mawe ndio mabovu, nikayabana upya kwa kipande cha ngozi, hola. Mbao ya kitako nayo, mlitangaza mepo daraja la juu, mawimbi kweli yapo na ni mazuri sitawanyima sifa, lakini nyuzi zinakatiza shingoni badala ya kwenda na urefu wa shingo, na hapo hapo kuna ufa umeshaanza, ulikuwepo nilipofungua boksi, picha mnazo. Shingo ndio sehemu nyembamba kuliko zote na ndio inayobeba teke la bunduki, fundi anayechagua mbao anaangalia shingo kwanza, mawimbi baadae. Na kijitabu cha maelekezo mlichoweka ndani ni cha modeli ya fataki, ile inayowashwa kwa kikofia chenye dawa ya kulipuka badala ya jiwe! Mimi niliagiza gumegume. Kurasa nzima zinanifundisha kufunga chuchu ya fataki ambayo haipo kwenye boksi langu na haitakiwi kuwepo.

Na misokoto, ile mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi. Niliagiza mtutu wa msokoto wa polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 66, kwasababu natumia risasi ya duara iliyofungwa kitambaa, na oda inasema hivyo. Nikafunga kitambaa kilichobana kwenye mdeki wenye mpini unaozunguka wenyewe, nikausukuma. Mtutu una inchi 42, kwahiyo mdeki hautakiwi kumaliza hata mzunguko mmoja. Umemaliza mmoja ukapitiliza. Huo ni msokoto wa haraka wa risasi ndefu, mmenitumia mtutu wa mtu mwingine, na labda huyo mtu mwingine anao wa kwangu na tundu lake liko sawa, sijui.

Hayo yote niliyaandika kwenye barua pepe ya kwanza, kabla ya simu, na jibu pekee nililopata ni lile la mashine kwamba ombi langu limepokelewa na ni la muhimu kwenu.

Sasa turudi kwenye simu, kwasababu sijamaliza nayo na sidhani kama nitamaliza leo.

Wakati naongea na kijana wenu simu nilikuwa nimeweka spika, kwasababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye mtutu, namsomea vipimo huku naangalia. Mwanangu alikuwa amesimama pale kwenye jiriwa ananisaidia, hii kazi tumeifanya wote tangu boksi lifike, yeye ndio kapiga msasa zaidi yangu. Kwahiyo kasikia. Kasikia "weka baruti, piga moja." Nikamuuliza yule kijana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwahiyo nimekwambia tundu linafungukia kwenye hesi za kizibo na wewe unanishauri nifyatue? Akasema, "Aah bosi, hilo ni gobore tu, sio mzinga." Ndipo yule mwingine wa pembeni akauliza "ni yule wa mdeki tena?" na wakacheka wote wawili, na mimi bado nipo hewani nawasikia. "Yule wa mdeki." Maana yake mnanijua. Maana yake mlishaongea kuhusu mimi, barua pepe mmezisoma, hamkuona tu haja ya kujibu.

Mnajua moto wa tundu unatokea upande gani? Kulia. Ndio maana mtu mwenye akili hasimami kulia kwa anayepiga gumegume. Na mnajua mwanangu alikuwa amesimama upande gani wa jiriwa wakati anaambiwa baba yake apige moja aone? Mtutu ambao baruti yake haishiki moto sawasawa unaweza ukachelewa, unavuta traiga kimya, unashusha, unageuka kuangalia kuna nini, halafu unafyatuka. Na gesi inayopitia kwenye hesi inazila kidogo kidogo, na masalia ya baruti yanajibana humo hayatoki na yanaleta kutu, mpaka siku kizibo kinaamua kurudi nyuma. Na nyuma ya kizibo kuna uso wa mtu. "Piga moja."

Nilipomwambia hilo ni suala la usalama na nitalipeleka mbele, akanijibu kwamba kwa sheria ya shirikisho la Marekani hiyo sio hata silaha. Kweli, naijua hiyo sheria ya mwaka 1968, gobore la baruti nyeusi la kupakiliwa mdomoni linahesabika ni la kale, ndio maana mmeweza kunitumia mpaka mlangoni bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Sasa hiyo ndio iwe sababu ya kutoboa ovyo? Mtungi wa gesi nao sio silaha, uchezee uone.

Uingereza kuna sheria ya mwaka 1868 ambayo mtutu hauuzwi mpaka upigwe baruti ya majaribio na kugongwa muhuri, London au Birmingham. Italia nao mitutu inapita Gardone Val Trompia inajaribiwa na kugongwa alama. Marekani hakuna sheria inayowalazimisha, na hapo ndipo nilipofikiri kampuni inayojiheshimu inajilazimisha yenyewe. Mtutu wangu nimeugeuza pande zote nane, hamna muhuri, hamna alama ya jaribio, kuna jina lenu tu limechorwa vizuri juu. Mngeupiga moja nyie, kiwandani, kama ni jambo dogo hivyo.

Na tafadhali msiniambie "hii ni seti, mteja anaunda mwenyewe". Nimeshaambiwa na yule dada wa kwanza aliyepokea simu, na yeye nitakiri alikuwa mpole, kosa lake ni kunipeleka kwa yule kijana. Kuunda mwenyewe ni kuchonga mbao mpaka mtambo ukae bila mwanya, ni kutoboa vitundu vya pini bila kupasua mbao, ni kupaka mafuta ya kitani na kusubiri na kupaka tena, ni kuufanya mtutu uote kutu ya kahawia pole pole kwa makusudi. Hayo nimeyafanya na ndio raha yake. Mafundi wa Lancaster kule Pennsylvania karne ya 18 walikuwa na tupa, patasi na moto wa mkaa, umeme hawana, keekee wanazungusha kwa mkono, na tundu la moto walilitoboa panapotakiwa. Nyie mna mashine.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nataka mtutu mwingine tu, wenye msokoto nilioagiza, tundu mahali pake, gharama ya usafiri juu yenu. Nimeandika mpaka hapa nimebadilisha mawazo. Nataka mtutu, nataka mtambo mzima na sio kile chuma peke yake kwasababu sina imani kama springi zake nazo zimekomazwa, nataka mbao nyingine iliyoangaliwa na mtu anayejua shingo ni nini, na kijitabu cha gumegume. Hapana, ngoja. Sitaki hata hivyo. Mkinitumia vingine nitavipima tena kimoja kimoja, na kila nikipima nitamsikia yule anacheka. Nataka hela yangu yote, pamoja na usafiri wa kuja na wa kurudi, na mawe niliyonunua, na dawa ya kutia kahawia niliyoimalizia kwenye mtutu ambao hautapigwa hata siku moja.

Na nataka barua ya kuomba radhi, yenye jina na sahihi. Sio ile ya "tunasikitika kwa usumbufu". Iandikwe kwamba mteja aliripoti tundu limetobolewa kwenye kizibo na mfanyakazi wetu alimshauri afyatue. Hayo maneno, hivyo hivyo. Simu zenu mnarekodi, mnasema wenyewe mwanzoni kabla ya muziki, kwahiyo msikilize, mtanikuta hapo na mtajikuta na nyie.

Tena nataka mwaangalie wote walionunua mitutu ya kundi hili muwaambie. Mashine iliyotoboa wangu haikutoboa mmoja ikaenda kulala. Kuna mtu mahali sasa hivi anapaka mafuta mbao yake, hajapima na mdeki, anaamini kampuni. Huyo akipiga simu kwenu akaambiwa "piga moja" na akawasikiliza, barua hii itakuwa ushahidi kwamba mlijua, na nakala nimeweka sehemu zaidi ya moja.

Malipo nilifanya kwa kadi ya mkopo. Sheria inanipa siku 60 tangu stetimenti itumwe kupinga malipo kwa maandishi, na hizo hazijaisha, fomu ya benki ipo mezani imeshajazwa imebaki sahihi. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ina kitengo cha kulinda walaji na wanapokea picha, nina picha za mdeki na mtutu zimelazwa sambamba na rula katikati. Na nina wakili, sio wa kutishia, ni shemeji yangu, nae anapiga gobore, nilipomwonyesha tundu hakucheka.

Mtutu sitaurudisha kabla hela haijaingia. Nimeufunga waya na kutundika kibao kimeandikwa USIPAKIE, utakaa hivyo mpaka mtume mtu auchukue au wakili auhitaji. Wiki mbili kuanzia siku mtakayopokea barua hii, ikipita hapo sahihi naweka na kila kitu kinaenda kwa pamoja, benki, jimbo na wakili.

Jibu liwe la maandishi. Msinipigie, na zaidi ya yote yule kijana asinipigie.

Wenu, mteja kwa sasa.