Malalamiko Kuhusu Ankara ya Pevingi na Njia ya Gari Iliyotitia

Goba, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: ANKARA ILIYOPANDA NA NJIA YA GARI ILIYOTITIA

Mwezi Machi mlimtuma kijana wenu mpimaji nyumbani kwangu, kupima njia ya gari ya kuwekwa pevingi, yaani matofali ya zege ya kutandaza chini. Alikuja na futi kamba, akapima kutoka getini hadi kibarazani: mita 24 kwa 4, yaani mita za mraba 96. Aliona kwamba njia ni mteremko, na kwamba kwenye kona ya mwembe udongo ni mfinyanzi. Hata kiatu chake kilinasa pale, tukacheka wote. Kesho yake nikapokea profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kazi: shilingi 35,000 kwa mita ya mraba, "pamoja na kila kitu", jumla 3,360,000. Nikatanguliza 2,000,000.

Ankara ya mwisho niliyoletewa wiki iliyopita ni 5,635,680.

Sibishi kwamba udongo na mteremko hupandisha gharama. Mfinyanzi lazima uchimbwe utolewe, imwagwe moramu (udongo wa changarawe) na ishindiliwe tabaka kwa tabaka, la sivyo pevingi zitabonyea masika ya kwanza. Mteremko nao unataka mawe ya ukingo pande zote mbili, maana bila hayo pevingi husukumana kuelekea chini zikaachana. Ninachobisha ni kwamba haya yote mliyaona kabla ya kunipa bei. Kama "kila kitu" hakikuwa na moramu, mawe ya ukingo wala mashine ya kushindilia, kilikuwa na nini?

Na afadhali basi mngeyafanya haya mliyoyaongeza kwenye ankara. Moramu malori matatu, 540,000: yaliingia, niliyahesabu, hapo sina neno. Mashine siku tatu, 300,000: ilikuja Jumanne asubuhi ikaondoka jioni ile ile, eti inasubiriwa Mbezi. Mawe ya ukingo mita 48, 576,000: yamewekwa mita 24 tu, upande wa ukuta, ambako ukuta wenyewe ungetosha kuzuia. Upande wa bondeni, palipohitaji hasa, mafundi wamepaka saruji kidogo wakafukia na udongo.

Kubwa kuliko yote ni unene. Nilimwambia mpimaji kwamba boza la maji la lita 10,000 huingia kwangu. Maji hayo peke yake ni tani 10, gari hujalihesabu. Ndiyo maana profoma inasema milimita 80. Mvua za Aprili zilipokolea na boza likapita, njia ilibonyea mistari miwili ya matairi, kidole kinazama. Nikang'oa pevingi moja, nikaipima kwa rula ya mwanangu wa darasa la tano: sentimita 6 kamili. Nikang'oa nyingine tatu, getini na kibarazani, zote hizo hizo. Za milimita 60 ni za waenda kwa miguu na gari dogo, na hata kiwandani bei yake iko chini. Tofauti hiyo imekwenda wapi?

Halafu juu ya hayo mmeongeza VAT ya asilimia 18, yaani 859,680, wakati risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata ya zile milioni mbili sijaiona.

Naomba mje, na yule mpimaji awepo. Mng'oe pevingi zote za njia ya matairi, mshindilie upya na kurudishia za milimita 80. Zitakazobaki zihesabiwe kwa bei ya zile za milimita 60. Mweke mawe ya ukingo upande wa bondeni. Siku mbili ambazo mashine haikuwepo, 200,000, ziondolewe kwenye ankara. Moramu nitailipa, ingawa haikuwa kwenye makubaliano, kwa kuwa niliiona ikishushwa. VAT nitaijadili nikiwa na risiti mkononi.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani. Zile pevingi nne nimezihifadhi stoo, pamoja na profoma yenye muhuri wenu.

Wenu,
Mteja wa Goba