Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: habari za Janjira ziingie darasani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Kila mwaka nifikapo kwenye mada ya biashara ya utumwa katika Bahari ya Hindi, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, hao waliopelekwa India waliishia wapi?" Kitabu ninachofundishia kinawaacha jahazini. Kwa heshima naomba mada hiyo iongezewe habari za Janjira.

Janjira ni ngome iliyo juu ya kisiwa kidogo karibu na mji wa Murud, kusini mwa Mumbai, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu jazira, yaani kisiwa. Watawala wake walikuwa Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao huko waliitwa pia Wahabshi, kwa kuwa wengi wa wazee wao walitoka Uhabeshi (kwa hiyo tusiwageuze Waswahili kwa sababu tu inatupendeza). Kwanza waliishika ngome hiyo chini ya masultani wa Ahmadnagar, dola ya huko India ambayo Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani angali mdogo, aliiendesha hadi alipofariki mwaka 1626. Baadaye wakawa wanamaji wa Wamughal, wafalme Waislamu waliotawala sehemu kubwa ya India. Kwa muda mrefu mtoto hakurithi cheo cha baba. Wakuu wa Kisidi walimpa uongozi jemadari waliyemwona hodari, na ukoo wa manawabu, yaani watawala wa kurithishana, ulikuja kujijenga baadaye.

Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa India magharibi, aliishambulia Janjira mara kadhaa asiipate. Mwaka 1682 mwanawe, Sambhaji, alianza kumwaga mawe baharini ili ajenge njia ya kuvukia kutoka bara, naye akashindwa. Mwaka 1689 Sidi Yakut Khan, mkuu wa Wasidi wa Janjira, alishuka Bombay (Mumbai ya leo) akawazingira Waingereza ndani ya ngome yao hadi mwaka uliofuata. Langoni pa Janjira pamechongwa mnyama mfano wa simba, amewabana tembo kwa kucha zake, na tembo wenyewe ni wadogo kama paka.

Siombi wapambwe. Merikebu zao zilipora, na miaka yao ya mwisho waliitawala Janjira chini ya kivuli cha Mwingereza, hadi ilipounganishwa na India huru mwaka 1948.

Mheshimiwa, kurasa mbili zinatosha, pamoja na ramani na picha ya lango lile. Rasimu niko tayari kuiandika.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Historia, Tanga