Mdogo wangu, kabla hujamchagulia mtoto kozi za Ujerumani

Mdogo wangu,

Nimeona ulichomwandikia mtoto, mdogo wetu aliyepata nafasi ya semesta Ujerumani, kwenye grupu la ukoo juzi usiku. Nimesoma nikarudia, nikaanza kukujibu hapo hapo nikafuta, maana mule yumo Baba Mkubwa na yumo Mama Mdogo, na jambo kama hili likianzia mule linaishia kwenye kikao, tena kikao cha Jumapili, unavijua. Ndio maana nakuandikia huku. Watu watapita watasoma, sawa, wapo wengi wenye wadogo zao waliopata hizo nafasi za kwenda kusoma semesta nje, labda itawafaa na wao.

Umemwambia aachane na historia na anthropolojia achukue kitu cha kueleweka, ukamwekea na orodha, data, uchumi, usimamizi wa miradi. Mi nakuheshimu. Wewe ndiye wa kwanza ukoo mzima kupanda ndege na nilikubebea begi mpaka stendi ya Nanenane siku ile nikiwa na furaha kuliko hata Mama. Lakini hizo kozi unazomkataza ndizo zilizokufikisha hapo ulipo. Semina ya historia simulizi ndiyo iliyokupa maksi nzuri, maksi zikakupa masta, na semina ile ilimla Bibi yetu muda na usingizi. Hilo ndilo hujamwambia mtoto.

Tuanze na yenye faida kwanza. Mwambie habari za krediti, maana zilikutesa ukakaa nazo kimya. Kwetu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanahesabu krediti moja ni saa 10 za kazi, mwaka mzima krediti 120. Ulaya wana zao za ECTS, mwaka mzima ni 60 tu lakini krediti moja ni saa 25 mpaka 30. Kwa hiyo mtoto akirudi na krediti 30 za semesta moja asikubali mtu amwambie amesoma nusu, hizo ni kama 60 za huku. Wewe uliambiwa umesoma nusu, ukazunguka ofisi mpaka viatu vikaisha. Na ule mkataba wa masomo, ule wa kusainiwa na watu watatu, yeye mwenyewe, chuo cha huku na chuo cha kule, asiondoke kabla haujasainiwa wote, na akifika akakuta kozi imejaa au zinagongana akibadilisha aandike upya na isainiwe upya. Wewe ulibadilisha ukanyamaza.

Halafu amejizoesha na kozi weki maksi 40 na UE, mtihani wa mwisho wa chuo, maksi 60, atafika kule akute semina watu kumi na tano wamezunguka meza na ukikaa kimya profesa anajua hujasoma. Mwambie na ile ya pepa la mwisho, kwamba vipindi vinaisha Februari lakini pepa unaliandika mpaka Machi peke yako chumbani kwenye baridi, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mambo kama hayo ndiyo ya kumwambia mtoto. Sio kumwambia historia haina maana.

Mi nashauri achukue historia. Ila asifanye kama wengi wetu wanavyofanya, akifika tu anakimbilia kila kozi yenye neno Afrika kwenye jina akidhani atapumzika, matokeo yake semesta nzima anageuka mtu wa kuulizwa, eti kwenu mnaoaje, kwenu mnazikaje. Achukue na kozi moja ambayo Wajerumani wanajisoma wenyewe. Na ajifunze Kijerumani mpaka aweze kusoma faili, sio Kijerumani cha kununulia mkate tu. Mafaili ya wizara yao ya makoloni yako Berlin, pale Lichterfelde, na hata yaliyobaki Dar kwenye Nyaraka za Taifa ya enzi hizo ni Kijerumani, na watu wetu wanaoweza kuyasoma ni wachache mno. Yule Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa ya Maji Maji, vizuri sana. Lakini Mtunya, ile njaa kubwa ya huku kwetu Dodoma, nani anaitaja? Vita vyao vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyokomba ng'ombe na nafaka za Ugogo na kuchukua wanaume kuwa wapagazi, Wajerumani kwanza, na Waingereza walipoingia Dodoma 1916 wakaendelea pale pale, mvua nayo ikagoma, na kati ya 1917 na 1920 wakafa watu kama 30,000 katika watu 150,000 hivi wa Ugogo. Gregory Maddox ameiandika, mwanahistoria Mmarekani. Mathias Mnyampala, Mgogo wetu kabisa, ndiye aliyeandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili ikatoka 1954. Baada ya hapo nitajie wa kwetu. Mi nilidhani utakuwa wewe.

Unakumbuka ile voice note uliyonitumia mwaka wako wa kwanza kule, umetoka darasani unahema? Ulikuwa unanihadithia habari za Karl Weule, yule bwana wa makumbusho ya Leipzig aliyekuja huku kusini mwaka 1906 na mashine yake akarekodi watu wakiimba na kuongea kwenye silinda za nta, sauti zikasafiri mpaka Berlin. Ulikuwa na hasira kweli. Ukaniambia, dada, wale watu wana wajukuu zao Lindi na Mtwara na wajukuu hawajawahi kusikia hizo sauti. Niliisikiliza ile voice note jikoni nikalia, nikasema huyu mtoto amepata elimu. Ndio maana mambo ya Agosti ile hayanitoki.

Mlikuja na Coaster Mpunguzi, wewe na wale wenzako wa kozi ya kwenda vijijini. Wale watoto wa watu sina neno nao, wana adabu, yule binti mwenye nywele fupi alikaa na mimi tukachambua mlenda mpaka mwisho na kila kitu anauliza kinaitwaje. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani tangu asubuhi. Mkakaa chini ya mwarobaini, simu ikawekwa kwenye kigoda mbele yake, na Bibi akaanza anavyoanza siku zote. Mimi ni binti wa fulani, fulani aliyezaliwa na fulani, aliyetoka mahali fulani na ng'ombe wa alama fulani. Wewe ukaangalia saa. Ukamwambia, mbele ya wageni, "Bibi, twende moja kwa moja kwenye njaa, gari linaondoka saa tisa."

Bibi akakuangalia. Akavuta kitenge chake kikafunika magoti, akasema haya. Akaruka.

Mdogo wangu, yale majina uliyomrusha ndiyo yenyewe. Mama yake Bibi aliachwa Kilosa kwa watu akiwa kitoto, mwaka wa Mtunya, wazazi wake wakapewa mtama wakaondoka. Alikua kule. Aliporudi ni binti mkubwa hamjui mtu na hakuna anayemjua, na kilichomrudisha nyumbani ni yale majina, alikuwa anayasema kila usiku asije akasahau, binti wa fulani wa fulani wa fulani, mpaka mzee mmoja njiani akasikia akasema huyu ni wa kwetu. Ndio maana Bibi hawezi kuanza hadithi bila majina! Alinihadithia usiku ule ule baada ya nyie kuondoka, na alishanihadithia mara nyingi kabla. Sasa pepa lako ulinitumia, najua Kiingereza mdogo wangu, nimelisoma lote. Bibi ni "Mshiriki wa 4". Na kuna mahali umeandika mshiriki hakueleza vizuri namna mama yake alivyorudi. Hakueleza! Si ulimwambia aruke?

Na ile fomu. Kurasa mbili za Kiingereza, wewe ukamfafanulia kwa sentensi mbili, ukatoa kile kidude cha wino kwenye begi ukamshika mkono. Bibi anajua kuandika jina lake. Alijifunza kwenye elimu ya watu wazima miaka ya sabini, pale pale chini ya mti, na kila ikipita karatasi yoyote alikuwa anaomba kalamu mwenyewe, hata ya michango ya kanisa. Wewe ukachukua dole gumba kwa sababu gari linasubiri. Akakuuliza, "Hii ni ya shamba?" Ukacheka, ukasema hapana Bibi, ni ya shule. Unajua Babu Mdogo lile shamba lake la barabarani liliondokaje. Unajua tangu serikali ihamie huku 2016 kila mwenye gari jeupe akisimama kijijini wazee wanaficha karatasi zao. Unayajua yote hayo kuliko wale wenzako, ndio maana walikuamini wewe uwalete.

Mmeondoka, usiku Bibi akaja kugonga chumbani kwangu na taa. Ile karatasi imeandikwa nini? Nikamsomea nakala mliyoiacha, nikaitafsiri neno kwa neno, akasema haya. Asubuhi nikamkuta uani anasugua dole gumba kwa majivu. Wino ulikaa ndani ya kucha karibu wiki nzima na kila akishika kijiko anauangalia. Hakukulaumu hata mara moja. Alisema kijana ana haraka, shule za kizungu zina haraka. Mimi ndiye ninayekulaumu.

Februari ameondoka na hukuja. Tiketi ni bei, naelewa, na hela uliyotuma ilinunua jeneza zuri na kila mtu alikutaja kwenye shukrani. Treni ya SGR siku hizi kutoka Dar ni masaa machache tu, Mama alikuwa anaulizia treni ya jioni mpaka tunatoka kwenda kaburini, lakini hilo nimeliacha. Nilikuomba kitu kimoja, sauti. Ile rekodi. Ukanijibu ni data za mradi, zipo kwenye seva ya chuo, mpaka profesa aruhusu. Nilisoma mara mbili nikidhani umemtumia mtu mwingine ukakosea ukaja kwangu.

Wewe unasema mi nina uchungu kwa sababu nilibaki, nimesikia umemwambia Mama Mdogo. Basi leo nalisema. Nafasi ya kwenda nje ilikuja kwangu kwanza. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu kule juu mlimani, nimetoka HKL, historia, Kiswahili na Kiingereza, na divisheni wani yangu, jina langu lilikuwa kwenye karatasi ukutani. Bibi macho yalikuwa yanafungwa, kliniki ni kila mwezi, Mama yuko kwenye zabibu za watu tangu alfajiri, wewe uko fomu sita na hupaswi kuguswa na chochote. Nani angempeleka? Nikaenda ofisini nikasema siendi, na nimekaa, nimefundisha historia hapa hapa, watoto wa kata yangu wanaijua Mtunya ni nini na wanaulizana majina ya babu zao mpaka wa tano nyuma. Hiyo ni kazi kama yako. Aliyebaki naye amesoma, mdogo wangu, na sitaki mtoto akue akidhani dada yake alibaki kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

Wala sisemi ili unishukuru. Ulinitumia miwani ile, ulilipa ada ya mtoto miaka miwili bila kumwambia mtu, najua, nakuombea kila siku na hilo halibadiliki hata ukikasirika na haya.

Lakini mtoto mwache asome historia. Mwambie akija kurekodi mtu aache majina yaishe kwanza, hata kama gari linapiga honi. Ampe kalamu anayejua kuandika. Na kabla hajapeleka pepa kwa profesa aje amsomee mwenye maneno yake, kwa Kigogo, aseme hapa sivyo, hapa ndivyo.

Na rekodi ya Bibi naitaka. Ile fomu ninayo kabatini, upande wa pili imeandikwa mshiriki anaweza kuomba nakala wakati wowote, kwa hiyo ombi lipo kihalali, mwonyeshe profesa wako hiyo hiyo. Bibi hayupo, tunaomba sisi. Mwisho wa Julai tunaweka msalaba kaburini, wazee wote watakuwepo, na wale wa Kilosa wameahidi kuja na basi. Wao hawajawahi kusikia habari za upande wetu kutoka kwa mtu aliyeipokea kwa mama yake. Kijana wa kwaya atatupa spika. Faili likiwa kubwa usilitume kwa WhatsApp, weka Drive unipe link, bando nitanunua mimi. Tuma lote, na hapo uliposema twende kwenye njaa usikate, wazee wasikie na wao, na mimi majina yaliyobaki nitayasema mwenyewe.

Nijibu basi, hata ikiwa saa nane ya usiku.

Dada yako